Nyongeza ya Nini? Manjano, Nili na Utumbo Unaovimba

Kijiko cha chai cha manjano ya unga kina uzito wa gramu 3 hivi. Kurkumini, ile dutu inayoyapa manjano rangi yake na sifa yake ya dawa, ni kama asilimia 3 tu ya uzito huo, kwa hiyo kijiko kizima kinabeba takriban miligramu 90. Sasa tulichukue jaribio la kitabibu ambalo wauzaji wa vidonge vya manjano hupenda kulitaja, lile lililochapishwa mwaka 2015 na madaktari wa Israel, Hong Kong na Cyprus. Wagonjwa wake walipewa gramu 3 za kurkumini kwa siku. Anayetaka kufika hapo kwa kijiko cha jikoni atameza vijiko 33 kila siku, yaani gramu 100 za unga, na robo kilo aliyonunua itamwishia siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Hakuna mchuzi, biriani wala maziwa ya manjano yanayobeba kiasi hicho.

Nimeanza na kijiko, ndugu zangu, kwa sababu mjadala wa virutubisho vya asili huendeshwa mara nyingi bila kipimo chochote mezani. Huku wanasema asili huponya, kule wanasema ni upuuzi mtupu, na mgonjwa amekaa katikati akiharisha damu. Hoja yangu leo ni kwamba ushahidi upo, na baadhi yake ni mzuri, ila ukiusoma kwa makini utakuta karibu wote ni ushahidi wa kuongeza, si wa kubadilisha. Kiswahili chenyewe kinajua tofauti hiyo. Sokoni, mnunuzi akishalipia fungu la nyanya ndipo anamwambia muuzaji, “niongezee.” Hakuna aendaye gengeni kuomba nyongeza bila kununua fungu. Bidhaa hizi tunaziita virutubisho nyongeza, kisha tunazimeza kana kwamba ndizo fungu. Pengine lugha ya sheria nayo imechangia: Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na maneno hayo mawili yametembea pamoja kwa muda mrefu hata masikioni mwa watu kitu kikiwa cha asili kinahesabiwa papo hapo kuwa ni mbadala. Lakini asili inaeleza kitu kimetoka wapi, na mbadala inaeleza kinachukua nafasi ya nani.

Ugonjwa wenyewe unahitaji kutambulishwa, maana kwetu hufichwa nyuma ya jina la mwingine. Mtu akisema ana vidonda vya tumbo, kwa kawaida anamaanisha vidonda vya tumbo la chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba, vinavyoletwa aghalabu na bakteria au dawa za maumivu. Uvimbe sugu wa utumbo ni kitu kingine. Neno uvimbe hapa si lile la bonge linalokatwa kwa upasuaji. Ni ukuta wa utumbo kuwa mwekundu, kuvimba na kuchubuka kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia bila kukoma. Sura zake kubwa ni mbili. Kolaitisi ya vidonda hukaa katika utumbo mpana, huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka mahali, ikichubua ngozi ya ndani. Ugonjwa wa Crohn, uliopata jina kutokana na makala ya mwaka 1932 ya Burrill Crohn na wenzake wa hospitali ya Mount Sinai, New York, unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi chini, huruka vipande, na huzama katika unene wote wa ukuta wa utumbo hata kuutoboa au kuuziba. Magonjwa yote mawili hayana tiba ya kuyamaliza kabisa. Na yote mawili yana tabia moja ambayo msikilizaji asipoikumbuka hataelewa chochote katika mhadhara huu: huja na kuondoka. Mgonjwa huteseka wiki kadhaa, kisha hutulia kwa miezi, wakati mwingine bila sababu inayoonekana, kisha ugonjwa hurudi.

Tabia hiyo ya kuja na kuondoka ni neema kwa mfanyabiashara. Mtu hatafuti dawa mpya siku anayojisikia vizuri. Huitafuta akiwa katika hali mbaya kabisa. Kwa ugonjwa unaopanda na kushuka, baada ya kilele njia ya kawaida ni kushuka. Akimeza chochote siku ya kilele, hata maji ya chumvi, yumkini wiki tatu baadaye atakuwa shahidi. Hasemi uongo. Ameeleza alichokiona, ila hakuona ambacho kingetokea kama asingemeza. Ndiyo sababu watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu kidonge kitupu, kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo lakini ndani hakina kitu, na si anayepewa wala anayempa ajuaye ni kipi.

Tukirudi kwenye manjano na kipimo hicho mkononi, tunakuta mambo ya kutia moyo. Mwaka 2006 madaktari wa Japani, wakiongozwa na Hiroyuki Hanai, walichapisha jaribio la wagonjwa 89 wa kolaitisi ya vidonda ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Kundi moja lilipewa gramu 1 ya kurkumini baada ya kifungua kinywa na nyingine baada ya chakula cha jioni, kundi la pili likapewa vidonge vitupu. Kwa miezi 6, kati ya 43 waliohesabiwa katika kundi la kurkumini, ugonjwa uliwarudia 2. Kati ya 39 wa kundi la pili, uliwarudia 8. Lile jaribio la 2015 lilichukua wagonjwa 50 ambao ugonjwa ulikuwa umeamka kwa kiasi kidogo au cha wastani. Baada ya wiki 4, kati ya 26 waliopewa kurkumini 14 walikuwa wametulia. Kati ya 24 wa vidonge vitupu, hakuna hata mmoja. Ni makundi madogo, lakini kuyapuuza matokeo kama hayo kwa sababu tu manjano yanauzwa sokoni kungekuwa kiburi.

Tutazame basi kile ambacho lebo za chupa hazikisemi. Katika majaribio yote mawili, kila mgonjwa, wa kundi hili na wa lile, alikuwa akiendelea na dawa yake ya hospitali, mesalazini au ndugu yake salfasalazini. Hakuna aliyeambiwa aache. Kwa hiyo swali lililojibiwa halikuwa kama manjano yanaweza kuchukua nafasi ya mesalazini. Lililojibiwa ni kama mesalazini pamoja na manjano hushinda mesalazini peke yake. Jibu ni kwamba inaelekea hushinda. Anayechukua matokeo hayo na kumwambia mgonjwa atupe vidonge vya hospitali anamwita shahidi mahakamani kisha anamwekea maneno mdomoni. Na shahidi huyo ana mipaka mingine. Wafaransa walijaribu gramu 3 hizo hizo kwa wagonjwa 62 wa Crohn waliotoka kukatwa sehemu ya utumbo, wote wakiwa wanatumia azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, wakitumaini kuzuia ugonjwa usirudi. Jaribio, lililochapishwa mwaka 2020, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa halikuonyesha dalili ya kufaulu, na vidonda vikali vilionekana zaidi katika kundi la kurkumini kuliko katika kundi la vidonge vitupu. Hata kuongeza, basi, hakufai kila mahali. Kilichosaidia ngozi ya ndani ya utumbo mpana hakikuusaidia ukuta mzima uliozamwa na Crohn.

Mafuta ya samaki yana hadithi yenye funzo kubwa zaidi. Mwaka 1996 Waitalia wa Bologna walichapisha jaribio la wagonjwa 78 wa Crohn waliotulia. Katika mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 28 ya waliomeza mafuta ya samaki na asilimia 69 ya waliomeza vidonge vitupu. Kwa miaka kumi na zaidi tarakimu hizo zilizunguka katika vitabu na matangazo. Kisha mwaka 2008 yakaja majaribio mawili makubwa, EPIC-1 na EPIC-2, kila moja likiwa na wagonjwa zaidi ya 360, gramu 4 za omega-3 kwa siku. La kwanza: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 31.6 ya waliopewa mafuta na 35.7 ya wengine. La pili: 47.8 dhidi ya 48.8. Tofauti hizo hazitoshi kumnunulia mtu hata pakiti moja. Lakini msiwatazame waliomeza mafuta, watazameni wale wa vidonge vitupu. Katika EPIC-1, karibu wagonjwa 64 katika kila 100 waliomeza kitu kitupu walimaliza mwaka mzima bila ugonjwa kurudi. Laiti kidonge kile kitupu kingefungwa katika chupa yenye picha ya jani la kijani, kingekuwa na mashahidi mia moja na zaidi, wenye majina na sura, waliokwenda mwaka mzima bila kuharisha damu. Kila ushuhuda unaopita katika simu zetu inabidi uwekwe kando ya tarakimu hiyo kwanza.

Hapa atasimama mtu aseme, na ana haki ya kusema, kwamba hata kama faida ni ndogo, kitu cha asili hakina madhara, na wazee wetu walikula manjano karne nyingi wakaishi. Nakubali sehemu ya pili. Wazee walikula manjano ya kijiko, yale ya miligramu 90, ndani ya chakula chenye mafuta na samaki. Hawakula kidonge kilichokamuliwa kurkumini na kuongezewa paiperini ya pilipili manga. Kurkumini kwa kawaida hupita tumboni bila kuingia sana katika damu, na tangu 1998 inajulikana kwamba miligramu 20 za paiperini zinaweza kuzidisha kiasi kinachoingia mara 20. Wauzaji wanalitangaza hilo kama sifa. Kwa mgonjwa wa kolaitisi ni sifa ya ajabu kidogo, kwani utumbo wake mpana ndio unaohitaji dawa, na dawa iliyokimbilia katika damu imepita mlango wa nyumba iliyokuwa ikiungua. Ini nalo linalipia. Mtandao wa Marekani unaofuatilia maini yaliyodhuriwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa na virutubisho vya manjano, mmoja wao akafariki. Ni wachache wakilinganishwa na mamilioni wanaotumia, na sitaki kumtisha mtu asile mchuzi. Nasema tu kwamba usalama wa kijiko hauwezi kukopeshwa kwa kidonge. Hata kijiko chenyewe kina mitihani yake: nchini Bangladesh watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano yalikuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yang’ae, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto. Serikali ilipoingilia kati, sehemu ya sampuli zenye risasi sokoni ilishuka kutoka asilimia 47 hadi sifuri kufikia 2021. Mabadiliko hayo yaliletwa na wakaguzi na vipimo vyao.

Lakini mfano unaoniridhisha zaidi ni nili, rangi ya buluu ambayo watu wa mwambao wanaijua kwa nguo. Katika tiba za Kichina na Kijapani unga wa nili hutumika kwa kolaitisi, na Wajapani waliujaribu kwa kanuni zote. Wagonjwa 86, wiki 8. Wa vidonge vitupu waliopata nafuu walikuwa asilimia 13.6. Waliopewa nusu gramu kwa siku, 69.6. Gramu 1, 75. Gramu 2, 81. Kila kiasi kikiongezeka nafuu inaongezeka, kama ngazi. Hiyo si bahati. Nili inafanya kazi, na inafanya kazi kwa nguvu ambayo dawa nyingi za kiwandani zingeionea wivu. Jaribio hilo lilikatizwa. Mgonjwa mmoja aliyekuwa nje ya jaribio, aliyejinunulia unga mwenyewe na kuutumia kwa miezi 6, alipata shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoua. Anayedhani kwamba mmea usio na madhara ndio ule ule wenye nguvu ya kuponya atafakari nili. Kitu chenye nguvu ya kuutuliza utumbo kina nguvu ya kugusa mapafu pia; mwili haukugawanywa vyumba vyenye kufuli.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami sitalipita haraka. Dawa za hospitali zina madhara makubwa, watu husema, na bei zake hazishikiki. Ni kweli tupu. Steroidi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari, hutia mtoto wa jicho. Azathioprini inaweza kuukausha uboho wa mifupa usitengeneze damu. Sindano mpya zinazozuia kemikali za uvimbe zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, jambo zito sana katika nchi zetu, na bei yake ni ya watu wachache. Lakini madhara hayo tunayajua kwa majina na viwango kwa sababu kuna aliyeyahesabu. Ya chupa isiyosajiliwa hayajulikani kwa kuwa hakuna aliyehesabu, nasi tunayasoma kuwa hayapo. Tena ngazi ya dawa haianzi na sindano. Huanzia kwa salfasalazini, ambayo ni ya bei ya chini na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Historia ya salfasalazini inafaa kusimuliwa, maana inavunja ule ukuta kati ya asili na hospitali. Daktari Nanna Svartz wa Stockholm aliiandaa karibu na mwanzo wa miaka ya 1940 kwa ajili ya baridi yabisi, akiunganisha dawa mbili, moja ikiwa ya jamii ya salisili, ukoo ule ule uliotokana na gome la mti ambalo watu wa kale walitafuna kwa homa na ambao umetupa asprini. Ikaonekana inatuliza utumbo. Mwaka 1977, Azad Khan, daktari kutoka Bangladesh, akiwa Oxford pamoja na Sidney Truelove, aliigawa ile dawa vipande viwili na kuvijaribu kimoja kimoja kwa njia ya haja kubwa, akaonyesha kwamba kinachofanya kazi ni kile cha ukoo wa salisili. Kile kingine ni mchukuzi tu: hukibeba hadi utumbo mpana, na huko bakteria hukata kamba inayoviunganisha na mzigo unashushwa mahali pale pale penye kidonda. Kipande hicho ndicho mesalazini. Linganisheni na kurkumini yenye paiperini inayokimbilia katika damu. Uasili umo kwa wote wawili. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja anajulikana anashukia kituo gani.

Na hatari kubwa kuliko risasi na ini ni kuacha dawa ya hospitali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 na Sunanda Kane na wenzake uliwafuatilia wagonjwa 99 wa kolaitisi waliotulia kwa mesalazini. Waliomeza dawa yao kama walivyoelekezwa, asilimia 89 waliendelea kutulia. Walioirukaruka, 39. Hakuna manjano katika hesabu hiyo. Mtu anayejisikia vizuri, mwenye chupa mpya ya dawa ya asili mezani, ndiye hasa mwenye kishawishi cha kuruka, na ugonjwa ukirudi miezi minne baadaye hatailaumu chupa. Atasema ameishiwa nayo.

Wapo wanaosema majaribio ni machache kwa kuwa kampuni haziwezi kumiliki haki ya mmea. Kwa sehemu ni hivyo. Lakini majaribio ya EPIC yaligharimiwa na fedha za kampuni ya dawa, na mmea wa Andrographis, mchungu kama mwarobaini, ulipewa nafasi kubwa kuliko mimea mingi: kati ya wagonjwa 224 wa kolaitisi ulileta nafuu kwa asilimia 60 wa kipimo cha juu dhidi ya 40 wa vidonge vitupu, habari ikachapishwa 2013, kisha hatua ya mwisho ikasimamishwa mwaka uliofuata kwa kukosa matokeo. Ubani nao, tunaoufukiza majumbani na tunaoupokea tangu kale kutoka Dhofar na pwani ya Somalia, una ndugu yake wa India aliyejaribiwa Ujerumani kwa wagonjwa 82 wa Crohn waliotulia. Mwisho wa jaribio, asilimia 59.9 ya waliotumia ubani walikuwa bado wametulia, na 55.3 ya wengine. Mlango wa maabara ulifunguliwa. Walioingia hawakutoka na walichokitarajia.

Kuna ushahidi mmoja unaoipinga hoja yangu waziwazi, na nisingekuwa mwaminifu kuuficha. Nitataja viumbe wawili waliowahi kushindanishwa na mesalazini ana kwa ana, wakichukua nafasi yake kabisa. Wa kwanza ni bakteria aina ya Nissle 1917, aliyepatikana na Alfred Nissle kutoka kwa askari ambaye hakuharisha wakati wenzake waliharisha. Katika jaribio la wagonjwa 327, kwa mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 36.4 wa bakteria na 33.9 wa mesalazini. Wa pili ni mbegu za ule mmea ambao maganda yake madukani huitwa isabgol. Nchini Hispania mwaka 1999, kwa wagonjwa 105 wa kolaitisi, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 40 wa mbegu, 35 wa mesalazini, na 30 wa waliotumia vyote viwili. Hapo mbadala umesogelea kweli. Lakini tazameni masharti yake: ni kolaitisi si Crohn, ni wakati wa utulivu si wa kuharisha damu, ni bakteria wa ukoo mmoja aliyehesabiwa katika kidonge, siyo mtindi wowote wa dukani. Na isabgol, inayofura ndani ya tumbo kama uji, kwa mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umebana inaweza kuziba njia na kumpeleka chumba cha upasuaji. Hata pale Hispania, waliofanya vizuri kuliko wote kwa tarakimu ni wale walioongeza, ingawa tofauti ni ndogo mno kuijengea nyumba.

Kwetu kuna sababu moja zaidi ya kutoikimbilia chupa kabla ya kupimwa, ambayo mgonjwa wa London haihitaji. Mtu wa Mwanza au Kisumu anayeharisha damu kwa wiki nyingi huenda ana kichocho cha tumbo. Anaweza kuwa na amiba, au kifua kikuu cha utumbo, ambacho kwa kamera hufanana na Crohn hata kumchanganya bingwa. Ukikitibu kwa steroidi unakimwagia petroli. Anaweza kuwa na saratani. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya maungo vilivyokutwa vimefichwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki ndani yake. Fikirini kidonge cha namna hiyo kikimfikia mgonjwa ambaye hajapimwa: steroidi itampa nafuu ya siku tatu ya kustaajabisha, diklofenaki itauchokonoa utumbo, na kama ni kifua kikuu kitatambaa. Kwa hiyo swali la nyongeza haliji kwanza. Kwanza kipimo cha kinyesi, cha damu, na kamera ya utumbo panapopatikana.

Halafu vipo virutubisho ambavyo hakuna anayevipigia debe, labda kwa sababu havina picha nzuri. Anayetoka damu chooni kwa miezi hupungukiwa madini ya chuma, na kumrudishia chuma ni tiba kamili. Anayemeza salfasalazini hufyonza asidi ya foliki kwa shida, hivyo huongezewa. Anayetumia steroidi anahitaji vitamini D na kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Aliyekatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba amepoteza mahali ambapo vitamini B12 huingia mwilini, na mara nyingi hudungwa sindano maisha yake yote. Hizo ni nyongeza kwa maana halisi: pengo limepimwa, likajazwa kwa kiasi kinachojulikana, kisha likapimwa tena.

Mgonjwa anayetaka manjano juu ya hayo, akiwa na kolaitisi iliyothibitishwa na mesalazini yake ikiendelea, sioni sababu ya kumzuia. Aende kliniki na chupa yenyewe mkononi, si jina lake tu. Daktari aisome lebo: kurkumini miligramu ngapi, paiperini imo au haimo, imesajiliwa wapi. Ini lipimwe kabla ya kuanza na baada ya wiki chache. Kinyesi kipimwe kalprotektini, protini inayopanda ukuta wa utumbo unapovimba, ili isiwe hisia peke yake inayosema kama nyongeza imeongeza kitu. Na daktari asikunje uso chupa inapowekwa mezani, maana akikunja, safari ijayo itabaki nyumbani kabatini na mgonjwa ataendelea kuimeza.